Mlango Unaomsikiliza Paka

Mlango ulikataa. Nikakivuta kitasa mara ya pili, safari hii na tusi juu yake, ukakataa vilevile.

"Sukari ya Liwali ni ishirini na nne," ikasema sauti juu ya fremu. "Kiwango kinachokubalika ni kati ya sita na kumi na nne. Tafadhali baki na amana yako."

"Mwanangu ameshikwa na uchungu! Yuko hospitali, anazaa!"

"Hongera sana, Mwenye Amana."

Wallahi sauti ile ingekuwa na shingo ningeikaba. Lakini Msimamizi hana shingo. Ana kitundu cha kusemea juu ya mlango, kingine jikoni, ana makomeo manne ya chuma yanayoingia ukutani, na ana adabu, Mungu wangu, adabu ya mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote. Kila nyumba ya mnara huu ina Msimamizi wake. Wa kwangu nilipangiwa mwaka tuliohamia, na mpaka Liwali alipougua nilikuwa namsahau kwa miezi.

"Basi naumwa mimi," nikamwambia. "Kifua kinanibana. Fungua nikamwone daktari."

"Weka kiganja kwenye kitasa."

Nikaweka.

"Mapigo yako ni ya mtu aliyekasirika," akasema. "Hayahitaji daktari. Kunywa maji."

Nyuma yangu, mkekani, Bi Mashavu alicheka mpaka chai ikampalia. Bi Mashavu ni mama mkwe wangu. Mwanawe, ndiye marehemu mume wangu, alituacha mimi naye katika nyumba hii ya ghorofa ya thelathini na moja, watu wawili wasiochaguana. Tangu siku ya mazishi hajatoka nje ya mlango huu. Anasema huko nje hakuna chake.

"Cheka, mama," nikamwambia. "Cheka. Mjukuu wako yuko kitandani peke yake huko."

"Nacheka kwa vile umemdanganya chuma," akasema. "Chuma hakidanganyiki, mwanangu. Hebu kaa chini."

Sikukaa. Nilimtazama Liwali. Alikuwa amejilaza juu ya cherehani yangu, juu ya kitambaa cha watu, paka wa rangi ya chungwa, kichwa kikubwa na mgongo uliobaki mifupa. Begani, mahali nilipomnyoa manyoya, kilikuwa kile kibandiko cheupe kinachopima sukari yake na kuupelekea mlango habari. Alinitazama, akapiga mwayo, akaenda kunywa maji. Bakuli zima. Akirudi anakanyaga kwa vifundo vya nyuma badala ya nyayo, maana sukari imeshamla mishipa ya miguu.

Paka mwenyewe si wangu. Ni wa Salha, binti yangu, huyohuyo anayezaa. Alipoolewa na Twalib ikaonekana kijana ana pumu, na pumu na manyoya haviishi nyumba moja. "Nakuachia amana yangu, mama," akaniambia mlangoni, machozi yanamtoka, mimi nami nikalia. Wiki iliyofuata nikaenda ofisi ya mtaa nikaandikwa kuwa ndiye mwenye amana. Nilitia dole gumba huku nacheka na karani. Kifungo nilijiandikia mwenyewe.

Nisiilaumu sheria bure. Maji yalipoingia Tanga ya chini, watu walikimbilia huku Pongwe kwenye minara, wakafunga milango wakidhani watarudi baada ya siku mbili tatu. Hawakurudi. Waliopelekwa kusafisha baadaye walikuta mbuzi, kuku na paka, wote wamekufa nyuma ya milango, na mbao za milango zimekwaruzwa kwa ndani. Mume wangu alikuwa mmoja wa wasafishaji hao, na hakugusa nyama tena maisha yake yote. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Amana: ukifuga umebeba, na mnyama wako akiwa hatarini mlango wa nyumba yako haumtoi mtu mpaka hatari ipite, na mnyama mgonjwa mwenyewe havushwi kizingiti. Nilipiga kura ya ndiyo. Utotoni chuoni, kwa maalimu, tulisomeshwa kisa cha mwanamke aliyemfungia paka hata akafa njaa, na adhabu iliyompata. Hatukusomeshwa la kufanya paka akimfungia mwanamke.

* * *

Asubuhi ile ilikuwa hivi. Kabla Salha hajapiga simu, kisanduku cha ukutani kililia, kikatoa kalamu ya insulini. Msimamizi ndiye anayepiga hesabu. Anatazama sukari ya jana na juzi, anapanga dozi, na mimi kazi yangu ni kuchoma. Wangeweza kutengeneza mkono wa chuma wa kuchoma, lakini sheria inasema sindano ya mnyama ichomwe na mkono wa mtu, ili tusisahau tumebeba nini.

"Dozi ya leo ni yuniti nne na nusu," akasema Msimamizi.

"Jana ilikuwa nne."

"Jana sukari haikushuka vya kutosha."

"Na juzi tatu na nusu! Unampandisha tu kila siku. Paka huyu siku moja yuko ishirini na sita, siku nyingine saba, siku nyingine ishirini tena, na hukai ukajiuliza kwa nini?"

"Liwali ni mgonjwa mgumu kurekebishika," akasema. "Nasikitika kwa usumbufu."

Nikavuta ngozi ya shingo, nikachoma, Liwali hata hakutikisika. Amezoea. Mimi ndiye sijazoea. Wiki ya pili hiyo nilikuwa sijavuka kizingiti. Siku mlango ulipokubali, ulikubali kwa kitambo, nikishavaa viatu namba imeshapanda na makomeo yanalia. Chakula kilikuwa kinapitia kidirisha cha mlangoni, cha upana wa sahani, na majirani Mungu awabariki walikuwa wananipitishia. Asubuhi ile jirani wa mkono wa kushoto alileta mkate wa kumimina, wa moto, umepanda vizuri, na iliki inanukia mpaka kwenye ngazi.

Nilikuwa jikoni nachemsha maji pale Salha alipopiga. Uchungu umemshika kabla ya wakati, wamempeleka hospitali ya mjini, Twalib yuko jangwani kwenye mitambo ya jua na zamu yake haijaisha. "Njoo mama," akasema, na mimi nikakimbilia mlangoni, na mlango ukanipa hongera.

Baada ya ile aibu ya mapigo ya hasira nikarudi ukumbini nichukue simu. Bi Mashavu alikuwa amenipa mgongo. Sahani ya mkate pajani. Na Liwali, huyo asiye na hamu ya chakula chake cha dawa, alikuwa ameketi mbele yake wima, masikio yamesimama. Bi Mashavu akamega tonge, akala. Akamega la pili, akalishusha taratibu mpaka mkekani, bila hata kutazama, kwa mkono uliozoea njia.

"Mama!"

Akaruka. Liwali hakuruka, alikuwa anakula.

"Mkate wa kumimina! Mchele na sukari na tui! Unampa mgonjwa wa sukari?"

"Kidogo tu," akasema.

"Tangu lini?"

Akakung'uta chembe za mkate pajani.

"Nakuuliza tangu lini, mama!"

"Tangu siku zote!" akapaaza sauti naye. "Sasa ulitaka nifanyeje? Nile, na kiumbe cha Mungu kimekaa kinanitumbulia macho? Mimi sikulelewa hivyo. Kwetu mtu hali mbele ya jicho linalomtazama. Awe mtoto, awe mwendawazimu, awe paka. Unampa chake kisha unakula kwa amani. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Wewe hicho chuma chako kimekufundisha kula na macho makavu?"

Nikaketi kwenye kiti cha cherehani. Kumbe ndio hivyo. Akila mkate, sukari inaruka. Msimamizi anaona imeruka, anaongeza dozi. Siku ambayo hakuna kitamu ndani ya nyumba, dozi ileile inamporomosha. Msimamizi anaona ameporomoka, anapunguza. Jirani analeta visheti. Na sisi watu wawili ndani, tunazunguka na namba.

"Unajua kwamba wewe ndiye uliyetufungia?" nikamwuliza.

"Mie?"

"Wewe, mama. Kwa mkono wako huo. Siku zote hizi nimekaa humu natukana ukuta, kumbe ni wewe."

Uso wake ulibadilika. Aliitazama sahani, akaisukuma mbali taratibu, akajifuta vidole kwenye kanga. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia kwake.

"Astaghafirullah. Na Salha je?"

* * *

Na Salha je. Hilo ndilo swali lililobaki.

Nikampigia. Nikasikia nesi, nikasikia vyuma, kisha nikamsikia yeye. "Mama, wanasema mtoto amelala kingamo. Wamejaribu kumgeuza amekataa. Wanasema watanipasua mchana." Akavuta pumzi, uchungu ukampita, nikasikia jinsi anavyouma meno. "Naogopa, mama. Shangazi Mwanaisha alipasuliwa hakuamka. Nataka unishike mkono tu. Hata ukisimama nje ya pazia. Uko njiani?"

"Niko njiani," nikasema.

Nikaikata simu, nikasimama katikati ya ukumbi. Rufaa kwa wakaguzi huchukua siku. Kukibandua kibandiko ni kosa, na mlango hujifunga palepale mpaka waje. Dozi ya asubuhi nimeshampa, na juu yake ameshakula mkate, kwa hiyo kwa hesabu za Msimamizi namba ingeshuka jioni, au kesho, au isishuke.

Lakini ndani ya friji, nyuma kabisa, kwenye kopo la tangawizi, nilikuwa na kalamu ya zamani. Alinipa daktari wa wanyama siku za mwanzo, kabla kisanduku hakijafungwa ukutani. Msimamizi haijui.

"Msimamizi," nikaita. "Sukari ikifika kumi na nne mlango unafunguka?"

"Ndiyo, Mwenye Amana."

"Hata kama inashuka kwa kasi? Hata kama inaelekea kubaya?"

"Mlango hutazama namba. Hautazami inakoelekea."

Nikaenda jikoni nikalitoa kopo.

Insulini nyingi nilishaiona inavyofanya. Mwezi wa kwanza wa ugonjwa nilimchoma mara mbili kwa kusahau. Kwanza paka analamba midomo. Kisha anatembea kama mlevi, anagonga miguu ya meza. Kisha anaanguka ubavu, miguu inapiga hewa, mkojo unamtoka, na macho yako wazi lakini hayakuoni. Siku ile nilimpaka asali kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo, mpaka akarudi. Daktari aliniambia nilikuwa na bahati kwamba nilikuwepo. Alilikazia neno hilo, kuwepo.

Kwa hiyo nilijua. Asije mtu akasema sikujua. Nikimpa nyingi, sukari itateremka kutoka ishirini na nne, na katika kuteremka ni lazima ipite kwenye kumi na nne, na kumi, na nane. Ikipita hapo mlango utadhani paka amepona. Nitatoka. Nyuma yangu namba itaendelea na safari yake.

Bi Mashavu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, ameshika fremu.

"Hiyo ni ngapi?" akauliza.

"Nane."

"Juu ya ile ya asubuhi?"

"Juu yake."

"Unataka kumuua."

"Nataka kutoka, mama."

"Sikukuuliza unataka nini."

Nilimwambia mwanangu yuko peke yake, mumewe yuko jangwani, anaogopa kufa, na huyu ni paka. Paka! Nikasema nimemlisha, nimemnyoa, nimemchoma, nimemwoshea mkojo, nimekaa jela kwa ajili yake, basi imetosha. Nilisema mengi. Bi Mashavu alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, na yeye ni mtu wa kukatiza.

"Fanya utakalo," akasema. "Mzazi ni wewe."

Nikamchoma Liwali. Alikuwa amelala, akafungua jicho moja, akalifunga. Nilimwomba msamaha. Kumwomba msamaha nikiwa nimeshachoma, hebu tazama ujinga.

* * *

Namba ikaanza kushuka. Ishirini na mbili. Kumi na tisa. Nilifunga kifurushi: kanga mbili za kumpokelea mtoto, nguo ndogo nilizoshona, uji wa pilipili manga kwenye chupa. Nikavaa baibui, nikavaa viatu. Kumi na saba. Nikasimama mlangoni.

"Mama," nikamwambia Bi Mashavu bila kumtazama. "Nikitoka, asali iko kabatini. Ukimwona analamba midomo, mpake kwenye ufizi. Usimmiminie kinywani, atapaliwa. Unampaka kidogo, unamtoboa sikio kwa ile sindano ndogo, unasoma namba kwenye kipimo cha mkono, maana zile za Msimamizi huchelewa, unampaka tena. Usimwache hata kidogo mpaka dawa iishe mwilini."

"Muda gani?"

"Mpaka alasiri. Labda zaidi."

"Macho haya hayaoni tundu la sindano," akasema. "Yataona namba? Mkono huu unamwaga chai, utatoboa sikio la paka?"

"Utajaribu."

"Na akizimia? Mlango umefungwa, mimi nimo ndani na yeye, wewe huko. Nifanye nini?"

"Utamwomba Mungu."

"Kwa dhambi ya nani, Mwanamvua?"

Hajawahi kuniita jina langu. Huniita mwanangu, au we mama, au akinikasirikia haniiti kabisa.

"Ule mkate ni wangu," akasema. "Mkate nitaujibu mwenyewe. Lakini hiyo nane si yangu. Usiniachie."

Kumi na nne. Makomeo yakarudi ukutani, moja baada ya jingine, na mlango ukasogea wenyewe.

"Sukari ya Liwali iko ndani ya kiwango," akasema Msimamizi. "Ahsante kwa uangalizi wako mwema."

Nikatoka. Naam, nilitoka! Ukumbi wa nje ulinukia vitunguu vya nyumba za watu, na upepo wa kwenye ngazi ukanipiga usoni, na nikatamani kukimbia kama mtoto aliyetoroka chuo. Nikatembea mpaka kwenye lifti. Nikabonyeza. Mlango wetu nyuma yangu ulikuwa wazi bado, na sauti ya Msimamizi ilikuwa inanifuata, maana huwa anazitaja namba zinapobadilika haraka. Kumi na mbili. Kumi na moja.

Lifti ikafika, ikafunguka.

Tisa.

Nikageuka nyuma. Liwali alikuwa ametoka mpaka kizingitini, ananifuata, anakanyaga kwa vifundo. Alikuwa analamba midomo. Nyuma yake Bi Mashavu amepiga magoti, anapapasa hewani kumtafuta mkia, na hamuoni.

Sijui kama niliamua. Niliiona miguu yangu inarudi. Nilimnyanyua paka kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikamshika Bi Mashavu kwapani nikamsimamisha, nikamtwika kifurushi.

"Nenda wewe."

"Mie? Wapi?"

"Hospitali! Kwa Salha. Wewe ni bibi yake. Panda lifti mpaka chini, pale getini kuna vigari, mwambie dereva hospitali ya mjini, wodi ya wazazi. Nenda, mama, inafika sita!"

"Anamtaka mamaye, Mwanamvua."

"Najua anamtaka nani! Nenda!"

Akanitazama kwa macho yale yenye ukungu. Akajifunika kanga kichwani, akavuka kizingiti, mguu mmoja, kisha wa pili. Sikumwona akifika kwenye lifti. Makomeo yalikuwa yameshaingia.

* * *

Tano. Nne. Nilimweka Liwali juu ya meza ya kushonea na kopo la asali pembeni. Nikapaka ufizi. Nikatoboa sikio, damu ikatoka kama mbegu ya ufuta. Tatu. Nikapaka tena.

"Sukari ya Liwali iko chini ya kiwango," akasema Msimamizi. "Tafadhali baki na amana yako."

"Nimebaki!" nikampigia kelele. "Mwana wa haramu we, nimebaki, huoni?"

Mbili. Akaanguka ubavu. Miguu ikaanza kupiga hewa, na mkojo ukamtoka juu ya kitambaa cha watu, na macho yakawa yale ambayo hayakuoni. Nilikuwa namwita jina. Nilimwita kwa sauti niliyokuwa namwitia Salha akiwa mdogo, homa imempanda. Asali, sikio, asali, sikio. Vidole vyote vilikuwa vinanata. Nilikuwa nalia na kamasi zinanitoka na sina mkono wa kujifutia.

Simu ikalia hapohapo. Nikaibonyeza kwa kiwiko.

"Mama." Sauti yake ilikuwa ya karibu na nyembamba. "Wananiingiza sasa. Uko wapi? Umefika getini?"

"Salha. Sikuja, mwanangu. Bibi yako ndiye anakuja."

Nikasikia magurudumu ya kitanda.

"Ulisema uko njiani."

"Nilisema uwongo. Mlango ulikuwa umefungwa. Halafu ukafunguka, nikatoka, nikarudi."

"Ukarudi? Kwa ajili ya Liwali?"

"Nilimchoma dawa nyingi ili mlango ufunguke. Ningemwacha angekufa. Bibi yako haoni, Salha, angekufa mikononi mwake."

"Mama," akasema, polepole, kama anayemweleza mtoto. "Yule ni paka."

"Najua."

"Mimi ni mwanao."

"Najua, Salha. Najua."

Mtu mwingine akaichukua simu, akasema samahani mama, akaikata.

Sitaki kusimulia saa zilizofuata. Nilifanya kazi iliyokuwa mbele yangu kwa sababu ilikuwa mbele yangu. Mbili na nusu. Tatu. Ikashuka tena, ikapanda. Miguu ikaacha kupiga. Liwali akameza mate peke yake, kisha akalamba kidole changu kwa ulimi ule wa msasa, na jicho lake likanigeukia likaniona. Jua lilikuwa limeshahamia dirisha la upande wa pili. Nne. Tano. Akaketi. Alikuwa amelowa asali na mkojo, ananuka, na alikuwa na hasira. Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka kwa sauti.

Ndipo Bi Mashavu akapiga, kwa simu ya nesi.

"Mtoto wa kike," akasema. Alikuwa anahema bado. "Mzima. Ana sauti, anatukana kama wewe. Na mama yake mzima."

"Alhamdulillah! Alhamdulillah, mama. Ulimshika mkono?"

Nikasikia akivuta kiti, akiketi.

"Nililiogopa lile lisanduku la lifti," akasema. "Mlango wake ulijifunga mbele ya uso wangu, nikaogopa. Nikashuka kwa ngazi."

"Zote?"

"Zote. Kwa magoti haya. Nilipofika walikuwa wameshamtoa." Nikamsikia anavuta makamasi. "Anataka kusema nawe."

Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Nilimshika mkono nesi," akasema Salha. Alikuwa anaongea taratibu, dawa bado ilikuwa imemlegeza. "Hata jina lake silijui. Nilimwambia usiniache, akasema siwezi kukuacha. Simjui hata jina."

"Nisamehe, mwanangu."

"Liwali je?"

"Mzima."

Kwa mbali nilimsikia mtoto, mjukuu wangu, anakohoa kile kikohozi cha maji cha vichanga. Nyuma yangu makomeo yakaanza kurudi ukutani, moja, mawili, matatu, manne.

"Mlango umefunguka, Salha! Umesikia? Safari hii ni kweli, ametulia. Nakuja sasa hivi, navaa viatu, nakuja."

"Usije," akasema.

"Salha."

"Kaa naye, mama. Mimi nimeshamaliza."

Simu ikakatika. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja, cha pili nimekishika. Mlango ulikuwa wazi wote, mpaka mwisho wa bawaba, na kule nje taa za ukumbini zilikuwa zimewashwa.

"Sukari ya Liwali ni tisa, na imetulia," akasema Msimamizi. "Unaweza kwenda, Mwenye Amana."

"Niende wapi?" nikamwuliza.

"Popote upendapo," akasema.